Kopo la virutubisho liko mkononi: namna ya kulikagua kabla hujameza

Karibu kila siku mtu huweka kopo juu ya kaunta na kuuliza, "Dada, hii ni orijino?" Kopo limetumwa na mtoto aliyeko Marekani, au limenunuliwa kwa mama anayepita maofisini Chumbageni na begi la bidhaa, au limekuja na basi kutoka Dar na kuchukuliwa stendi ya Kange. Nimetoa dawa hapa Ngamiani, Tanga, kwa miaka mingi, na swali hilo silipuuzi, lakini halitoshi. Kopo linaweza kuwa la kampuni ya kweli na bado ukapata robo ya kile ulichodhani umenunua, kwa sababu lebo imeandikwa kwa ujanja. Na kopo la bei ya chini, lisilo na picha ya mtu mwenye misuli, linaweza kuwa sahihi kabisa.

Hizi ndizo hatua ninazofuata mwenyewe. Zinahusu vitamini, madini, mafuta ya samaki, unga wa protini, na vidonge vya mimea kama mlonge, manjano au mwani. Hazihusu dawa ulizoandikiwa na daktari. Hizo usizipime nyumbani.

Andaa hivi kwanza

- Kopo lenyewe pamoja na boksi lake. Usitupe boksi.
- Simu yenye kamera nzuri. Maandishi ya lebo ni madogo mno. Piga picha, kisha ikuze.
- Kikokotoo, karatasi na kalamu.
- Glasi mbili safi na maji yaliyochemshwa yakapoa.
- Mabomba mawili ya sindano bila sindano yenyewe: la mililita 10 na la mililita 2.
- Chupa mpya ya povidoni ayodini ya asilimia 10, ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda.
- Maji ya wali, vijiko viwili.
- Mzani mdogo wa kielektroniki. Usinunue. Muombe sonara akupimie. Wake unasoma hadi sehemu ya mia ya gramu.

Hatua ya 1: Kagua kopo kabla ya maandishi

Angalia lakiri ya chini ya kifuniko. Iwe nzima, imebana pande zote, bila gundi iliyopakwa upya. Kisha linganisha namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi: zilizo kwenye boksi zifanane na zilizo kwenye kopo, herufi kwa herufi. Wanaojaza makopo ya zamani hukosea hapa mara nyingi, kwa sababu boksi hulichapisha wao lakini kopo wameliokota.

Kisha fungua, unuse, utikise. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na wakati wa kaskazi joto ni kali. Mzigo uliokaa siku nzima kwenye buti la basi unaweza kuharibika ukiwa halali kabisa. Vidonge vilivyogandana, kapsuli zilizolainika, vitamini C yenye madoa ya kahawia, vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vilivyovimba: rudisha, usijadiliane.

Kosa la kawaida: kuamini mistari ya msimbo. Watu wengi hutazama tarakimu za mwanzo wakasema "620, imetengenezwa Tanzania." 620 ni tarakimu za shirika la misimbo la Tanzania, kama 616 zilivyo za Kenya. Zinaonyesha namba ilikosajiliwa tu. Bidhaa yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa popote, na mistari hiyo mtu yeyote anaweza kuinakili.

Hatua ya 2: Geuza kopo nyuma, utafute dozi

Mbele ya kopo ni tangazo. Nyuma kuna jedwali, na mstari wa kwanza huandikwa "Serving Size", yaani dozi moja. Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Mbele pameandikwa 1500 kwa herufi kubwa, nyuma pameandikwa kwamba kiasi hicho kinapatikana kwa vidonge 3. Kopo la vidonge 60 basi ni la siku 20, si miezi miwili. Gawanya bei kwa siku, si kwa vidonge. Mama mmoja wa Makorora alikuja na makopo mawili ya kalisi, moja likiuzwa nusu ya bei ya jingine. Tulipogawanya, lile la "rahisi" lilikuwa linamgharimu zaidi kwa siku.

Hatua ya 3: Tenganisha chumvi na madini

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye upungufu mkubwa kuliko mahali pengine popote.

Madini hayawekwi peke yake kwenye kidonge. Yanafungwa na kitu kingine, na uzito wa kitu hicho unahesabika. Lebo ya uaminifu huandika kiasi cha madini yenyewe, kisha chanzo chake: "Calcium (as calcium carbonate) 500 mg" maana yake kalisi ni miligramu 500. Lebo ya ujanja huandika "Calcium carbonate 500 mg", na hapo kalisi ni miligramu 200 tu. Maneno karibu yale yale, mpangilio tofauti, na umepoteza zaidi ya nusu.

Andika asilimia hizi kwenye karatasi uzibandike ukutani:

- Kalisi kabonati: kalisi ni asilimia 40. Kalisi sitrati: asilimia 21.
- Magnesi oksidi: asilimia 60, ila tumbo huifyonza kwa shida. Magnesi sitrati: kama asilimia 16.
- Chuma: kidonge cha ferasi salfeti kavu cha miligramu 200 kina chuma cha miligramu 65 hivi. Ferasi fumarati ya miligramu 200 ni karibu hiyo hiyo. Ferasi glukoneti ya miligramu 300 ina 35 tu.
- Zinki glukoneti: asilimia 14.

Hapo hapo niseme jambo kwa wajawazito. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chuma cha miligramu 30 hadi 60 kwa siku na asidi ya foliki ya mikrogramu 400. Vidonge vya damu vya kliniki vimepangwa kwa ajili hiyo. Nimeona kina mama wakiviacha kabatini na kununua kopo la gharama lenye picha ya mtoto, ambalo ukikokotoa chuma chake hakifiki hata 20. Tafadhali usifanye hivyo. Meza vya kliniki, na kopo lako lilete kliniki waliangalie.

Mafuta ya samaki yana mtego huo huo. Mbele: 1000. Hiyo ni mafuta yote. Unachokitafuta ni EPA na DHA, yaani aina mbili za omega 3 zilizomo, na kwenye kapsuli ya kawaida ya 1000 ni 180 na 120, jumla 300. Zikitajwa "Omega 3" bila kugawanywa, acha. Mimi huwaambia wateja wasio na agizo la daktari wapite soko la samaki la Deep Sea asubuhi wachukue vibua. Mafuta hayo hayo yamo, na usafi wake unauona kwa macho.

Hatua ya 4: Fanya hesabu ya vipimo

Miligramu moja ni mikrogramu 1000. Lebo huandika mg na mcg, na herufi moja iliyoteleza ni dozi mara elfu.

Kisha kuna IU, kipimo cha kimataifa cha nguvu ya vitamini. Kwa vitamini D, IU 40 ni mikrogramu 1. Kwa hiyo IU 1000 ni mikrogramu 25. Kwa vitamini A ya retinoli, IU 1 ni mikrogramu 0.3. Lebo nyingi huandika vyote viwili kandokando, na hiki ni kipimo kizuri cha kumkamata mghushi: hunakili maneno lakini hafanyi hesabu. Nikiona "1000 IU" pembeni mwa "50 mcg" ya vitamini D, kopo hilo siendelei nalo.

Hesabu nyingine ni ya nafasi. Kapsuli ya saizi 0, ile ya kawaida yenye urefu wa sentimita 2 na kidogo, hubeba unga wa nusu gramu hivi. Unga wa majani ni mwepesi, hautafika hapo. Sasa mtu anakuuzia mlonge wa miligramu 1500 kwenye kapsuli moja kama hiyo. Haiingii. Labda amemaanisha dondoo iliyokolezwa, mathalani miligramu 150 za dondoo zilizotoka kwenye majani ya 1500, lakini basi lebo lazima iseme "extract" na uwiano wake, kama 10:1.

Hatua ya 5: Tafuta mchanganyiko uliofichwa

Ukiona "Proprietary Blend 1200 mg" halafu majina kumi yamefuatana bila namba, fahamu kwamba jina la kwanza ndilo zito kuliko yote na la mwisho ndilo jepesi kuliko yote. Sheria ya Marekani inataka mpangilio huo. Kitu cha bei kali kilichochapishwa mbele ya kopo mara nyingi kiko wa nane au wa tisa. Mimi mchanganyiko wa namna hii siununui, hata kampuni iwe kubwa vipi.

Hatua ya 6: Angalia kama kimezidi

Kopo linaweza kusema kweli na bado likakudhuru. Viwango vya juu vya kila siku kwa mtu mzima, kwa mujibu wa wataalamu wa Marekani: vitamini A ya retinoli mikrogramu 3000, vitamini D mikrogramu 100, chuma miligramu 45 (isipokuwa kwa agizo la daktari au kliniki), zinki miligramu 40, iodini mikrogramu 1100. Jumlisha makopo yote unayotumia. Anayekunywa vitamini za nywele, vitamini za kinga na kopo la "mama" kwa pamoja anaweza kuvuka bila kujua. Retinoli nyingi wakati wa ujauzito humlemaza mtoto tumboni. Hilo halina majadiliano.

Mwani nao uangaliwe. Watu wetu wanaulima, tunaufahamu, na sasa unauzwa kwenye makopo. Iodini yake hutofautiana sana kutoka aina hadi aina, kwa hiyo kopo la mwani lisilotaja iodini kwa mikrogramu si la mtu mwenye tatizo la tezi ya shingo.

Hatua ya 7: Hakiki vibali na nembo

Tangu Julai 2019, iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) ni TMDA na inasimamia dawa na vifaa tiba. Usimamizi wa vyakula ulihamia TBS, Shirika la Viwango. Kwa hiyo kopo lililotengenezwa mwaka 2024 likiwa na nembo ya TFDA lina maswali ya kujibu. Dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muulize muuzaji namba ya kibali, iandike, na uihakiki kwenye ofisi husika au kwa mfamasia wa halmashauri.

Kosa la kawaida: kuvutiwa na maneno "FDA Approved". Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, haiidhinishi virutubisho kabla havijauzwa. Kopo linalosema limeidhinishwa limesema uongo, na cheti cha "kiwanda kilichosajiliwa" kinathibitisha tu kwamba kiwanda kimejiandikisha.

Nembo ninazoziamini ni za wapimaji wasiouza bidhaa: USP Verified, NSF, na kwa wachezaji, Informed Sport, ambao hupima kila toleo. Usiishie kwenye nembo, maana kuichapisha ni rahisi. Ingia tovuti ya mpimaji mwenyewe, tafuta jina la bidhaa, na kwa Informed Sport tafuta namba ya toleo. Ukiwa unacheza ligi, hii ndiyo hatua ya kwanza kwako. Chembe ya dawa iliyokatazwa inakufungia hata kama hukujua imo.

Hatua ya 8: Vipimo vya nyumbani

*Uzito.* Mpelekee sonara vidonge kumi, apime kimoja kimoja. Tafuta wastani. Kwa kidonge kinachozidi miligramu 250, tofauti isizidi asilimia 5 hivi: kama wastani ni gramu 1.20, vyote viwe kati ya 1.14 na 1.26. Vikitawanyika ovyo, kiwanda hakina udhibiti.

*Kuyeyuka.* Weka kidonge kwenye maji ya uvuguvugu, koroga mara mojamoja. Ndani ya dakika 30 kiwe kimevunjika. Kwa kalisi kabonati unaweza kutumia siki.

*Harufu.* Kata kapsuli ya mafuta ya samaki. Harufu ya samaki mbichi ni sawa. Harufu ya rangi ya mbao au mafuta ya taa maana yake yamechacha.

*Wanga.* Tone la povidoni juu ya unga wa protini likigeuka buluu-nyeusi, kuna wanga umeongezwa. Soma viungo kama umetajwa. Usitumie kipimo hiki kwa tangawizi wala manjano: vina wanga wa asili, vitageuka rangi hata vikiwa safi kabisa.

*Vitamini C.* Hiki ndicho nikipendacho, kwa kuwa kinakupa namba. Ponda kidonge, kiyeyushe kwenye maji yenye mililita sawa na miligramu za lebo: cha 500 kwenye mililita 500, cha 1000 kwenye lita moja. Sasa kila mililita inapaswa kuwa na miligramu moja. Vuta mililita 10, weka kwenye glasi, ongeza kijiko cha maji ya wali. Kwa bomba dogo dondosha povidoni huku unatikisa. Rangi itatokea na kupotea, itatokea na kupotea, kisha itabaki buluu-nyeusi. Soma umetumia kiasi gani. Kidonge kamili huhitaji mililita 1.4 hivi. Ukipata kati ya 1.2 na 1.7, kwa vifaa vya nyumbani ni sawa. Ikibaki kwenye 0.7, umenunua nusu. Fanya haraka, maana vitamini C huharibika ikikaa kwenye maji, na rudia kwa kidonge kingine unachokiamini ukitumia chupa hiyo hiyo ya povidoni. Maji hayo mwaga. Usinywe, na watoto wasiyafikie.

Hatua ya 9: Jihadhari na kinachofanya kazi haraka mno

Mmea haushushi kilo tano kwa wiki. Kirutubisho cha "nguvu za kiume" kinachofanya kazi ndani ya saa moja kina uwezekano mkubwa wa kuwa na sildenafili iliyofichwa, ile dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, na kwa mtu anayetumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua inaweza kuangusha shinikizo la damu akafa. Za kupunguza unene zimewahi kukutwa na sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuathiri moyo. Za magoti na mgongo zimekutwa na deksamethasoni, dawa ya steroidi: maumivu yanaisha siku mbili, uso unavimba, sukari inapanda.

Kama umetumia hizi za magoti kwa wiki nyingi, usiache ghafla. Nenda hospitali na kopo, waeleze, waache wao wapange namna ya kupunguza. Najua mzee wetu mmoja aliyeacha siku moja baada ya kusikia ni feki, akaletwa hospitali ya Bombo amelegea.

Jingine lisilopimika nyumbani ni risasi, ile metali yenye sumu (lead), kwenye manjano. Huko Bangladesh wafanyabiashara walikamatwa wakiing'arisha kwa rangi ya njano yenye risasi. Sisi tuna manjano ya Muheza hapa jirani. Nunua manjano mazima, kausha, saga mwenyewe.

Ukikwama

*Asilimia za lebo mbili hazilingani.* Si lazima mmoja adanganye. Marekani huhesabu vitamini C ya miligramu 90 kuwa asilimia 100, Ulaya 80. Vitamini D ni mikrogramu 20 kwa Marekani na 5 kwa Ulaya. Linganisha miligramu, achana na asilimia.

*Kidonge hakikuyeyuka.* Soma tena lebo. Kilichotengenezwa kutoa dawa polepole, au kilichopakwa kisiyeyukie tumboni, kipimo cha glasi hakikihusu.

*Vitamini C ya rangi ya chungwa inanichanganya.* Weka glasi ya pili yenye maji hayo hayo bila povidoni, uzilinganishe mbele ya karatasi nyeupe.

*Namba ya toleo haionekani kwenye tovuti ya mpimaji.* Angalia kama 0 umeisoma O, au 1 umeisoma I. Ikishindikana, waandikie wenye nembo, waambatanishie picha ya kopo.

*Muuzaji anasema dada yake amepona.* Mshukuru, kisha omba namba ya toleo.

*Nimegundua shaka na nimeshameza nusu ya kopo.* Acha (isipokuwa lile la magoti nililolitaja), usitupe kilichobaki. Funga kopo na boksi kwenye mfuko, andika tarehe uliyoanza, dozi, na ulikonunua. Ukiwa na mapigo ya moyo ya kasi, macho ya njano au mkojo wa rangi ya kola, nenda hospitali leo hii ukiwa na mfuko huo. Kama huna dalili, mpelekee mfamasia wa halmashauri. Kopo lenye vidonge vilivyobaki ndilo linaloweza kupelekwa maabara. Maelezo ya mdomo hayapimiki.